Walisema Alilala Kwenye Mashine

Sitajipaka mafuta niseme kwamba nililia. Sikulia. Nimekuwa fundi wa umeme wa viwandani tangu miaka ya sabini, na nikikumbuka mambo ya mashine namba tatu, kinachonijia kwanza si uchungu, ni ganzi. Unajua mkono ukiulalia mpaka ukafa, ukiugusa kwa mkono wa pili unaona kama ni wa mtu mwingine. Basi mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, kwa miaka sita. Ndiyo maana nasimulia kavu kavu. Anayetaka machozi atafute kwa jirani.

Kiwanda chetu kilitengeneza mablanketi, kule Industrial Area ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nikikaa Ziwani na mke wangu, chumba kimoja cha kaunsil ya jiji, bomba la maji nje. Asubuhi nilitoka kwa miguu kama watu wote, nikapita Muthurwa penye nyumba za wafanyakazi wa reli, nikavuka, nikaingia kazini. Pale pa kuvukia reli ndipo nilipokutana kila siku na mzee mmoja wa Majengo, mwendeshaji wa mashine namba tatu. Nitamwita mzee tu, maana ndivyo nilivyomwita siku zote. Alikuwa ameshapita hamsini, Mwislamu aliyezaliwa Majengo na baba yake vilevile, kofia safi, viatu vimepigwa rangi hata wakati wa matope. Hatukufanana kwa lolote. Mimi ni mtoto wa kanisa kutoka Murang'a, mdomo mchafu, na asubuhi sisemi na mtu mpaka ninywe chai. Yeye alinisalimu hata hivyo, akaniuliza nimeamkaje, na mke wangu je. Mimi nikaguna. Tukaenda.

Alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilirudia mpaka ukachoka kulisikia: miaka kumi na minane hajawahi kupewa barua. Kiwandani kwetu barua haikuwa salamu. Barua ilikuwa onyo, na barua ya tatu ndiyo ya kukurudisha nyumbani. Hakuna mtu pale ambaye hakuwa na angalau moja. Mimi nilikuwa nayo ya kumtukana nyapara, na siijutii. Mzee hakuwa nayo hata nusu.

Namba tatu ilikuwa mashine mpya, ya kukunja. Kitambaa cha blanketi kikitoka kufumwa, hiyo ndiyo iliyokivuta na kukizungusha kwenye roli nene ya chuma. Mwendeshaji alikaa kwenye stuli ndefu mbele yake, macho kwenye kitambaa, mkono karibu na kitasa cha kuongeza mwendo. Walimpa mzee kwa sababu ndiye waliyemwamini. Mota yake ilikuwa ya aina ambayo hatukuwa tumeizoea. Mgongoni ilifungwa kikopo cha bati kikubwa kama mkebe wa rangi ya viatu. Kitabu cha mashine kilikiita enkoda. Sisi tulikiita jicho. Kazi ya jicho ni kuhesabu mizunguko ya mota na kupeleka habari kwenye paneli ya umeme, ili paneli ijue iongeze umeme au ipunguze. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna waya nne nyembamba zinatoka humo, na kwamba kimefungwa na lakiri ya kiwanda kilichokitengeneza, na kwamba sina ruhusa ya kukifungua. Kitabu chenyewe meneja alikifungia kwenye droo, tusije tukakichafua na grisi.

Mwaka huo, kabla ya Ramadhani, beringi ya mbele ya ile mota ilianza kulia. Nilikuwa na njia yangu ya kuzisikiliza beringi: ncha ya bisibisi juu ya mota, mpini kwenye sikio. Nikasikiza, nikasema hii imekwisha. Nikaitoa, nikaingiza mpya. Kisha ikabaki kurudisha puli, lile gurudumu la mkanda, kwenye mtaimbo wa mota, chuma chake kinachozunguka. Puli hukaa kwa kubana. Na sisi mafundi wa Nairobi, kuanzia wa vibanda vya Gikomba mpaka wa viwanda vikubwa, tulijua njia moja ya kulikazia puli: unaweka kipande cha mvule juu yake, usije ukaumiza chuma, halafu nyundo kubwa, mapigo matatu ya nguvu. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na aliyenifunza alifunzwa hivyo, na mtu aliyemaliza kwa mapigo matatu alipewa heshima yake. Anayepiga matano ni mwanagenzi. Mimi nilipiga matatu. Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne na nikatembea siku nzima kama jogoo.

Ramadhani ikaingia. Ilikuwa ule msimu wa baridi ya Nairobi, mwezi wa saba, wakati vidole havikunji mpaka jua litoke, na jua lenyewe halitoki. Mzee alifunga, kama kila mwaka. Aliamka kula daku, akasali, akaja kazini, na mchana sisi sote tukila ugali yeye alikaa nje ya stoo akijinyoosha kidogo. Hakuna aliyemsumbua. Tulikuwa tumemzoea.

Katikati ya wiki ya kwanza, saa nane na nusu mchana, namba tatu ikapata wazimu. Hakuna neno jingine. Ilikuwa ikienda mwendo wake wa kawaida, ghafla mota ikanguruma, roli ikazunguka kwa kasi isiyowahi kuonekana, kitambaa kikachanika katikati kwa sauti iliyosikika mpaka getini. Mzee akapiga swichi nyekundu, ikasimama. Alipoulizwa alisema hakugusa kitasa. Nyapara akamtazama midomo iliyokauka, akauliza wengine kama leo mzee amefunga. Wakasema ndiyo. Hapo hukumu ilikuwa imeshatoka, sisi tulikuwa hatujui tu. Walisema alisinzia, mkono ukaangukia kitasa.

Akapewa barua ya kwanza ya maisha yake. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Mimi nikaambiwa niikague mota. Lakini nyapara hakutaka kunipa mashine mchana, kazi isije ikasimama. Akanipa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya zamu. Kwa hiyo nilikwenda na ile baridi, mota nayo baridi kama jiwe la mto. Nilifungua boksi la nyaya, nikavuta moja moja kuona kama kuna iliyolegea. Nikatazama burashi za kaboni, zilikuwa ndefu na nzuri. Nikapima kama umeme unavuja kwenye mwili wa mota, hauvuji. Nikazungusha kwa mkono, laini. Nikawasha, ikaenda vizuri robo saa nzima. Nikaandika kwenye fomu: Mota haina kasoro. Nikatia sahihi.

Wiki ya pili ikarudia, saa nane na nusu ile ile. Barua ya pili. Mimi tena asubuhi, tena baridi, tena fomu: Mota haina kasoro.

Wenzetu wakaanza mzaha. Wakamuuliza mzee kama ameleta mto. Stuli yake wakaiita kitanda. Mwingine akamwekea blanketi juu yake, limekunjwa vizuri, kama hotelini. Mimi nilicheka. Sioni sababu ya kuficha, nilicheka na wao. Mzee naye alitabasamu, akalichukua lile blanketi, akalirudisha stoo. Kitu ambacho hakuna aliyekiona, na mimi niliyelipwa kukiona sikukiona, ni kwamba zile siku mbili zote zilikuwa siku za blanketi nzito, zile za hospitali, ambazo mota huzivuta kwa taabu tangu asubuhi mpaka inachemka. Sisi tulikuwa tunahesabu mfungo wa mzee. Hakuna aliyehesabu joto la mota.

Asubuhi baada ya barua ya pili, pale relini, hakunisalimu kwanza. Alinishika mkono wa ovaroli.

"Fundi, niambie ukweli. Mota ni nzima?"

"Ni nzima, mzee."

"Umeiangalia yote?"

"Yote."

Akaniachilia. Alisema polepole, akiangalia chini, "Basi ni mimi."

Nilipaswa kusimama hapo. Nilijua sijafungua jicho. Lakini nilikuwa nimeshaandika mara mbili kwamba mota ni nzima, na mtu wa aina yangu akishaandika kitu mara mbili anakiamini. Kiburi cha kijinga. Tukavuka reli, tukaingia kazini.

Mara ya tatu ndiyo mbaya. Wiki ya tatu, alasiri, blanketi nzito. Kulikuwa na mama mmoja aliyefagia manyoya chini ya mashine zote. Alikuwa ameinama karibu na roli wakati namba tatu iliponguruma. Kitambaa kilichanika, kikajizungusha, kikang'oa bati la kinga, na bati likamrusha yule mama ukutani. Hakufa. Aliumia bega na mkono, akatoka na bandeji. Mzee alishuka kwenye stuli akapiga magoti mbele yake, mtu mzima, kofia imeanguka, akimwomba msamaha na kulia. Alisema mbele ya watu wote kwamba naona nilisinzia, mama, nisamehe, naona nilisinzia. Nyapara hakuhitaji zaidi. Waliandika karatasi kwamba amekiri kulala kazini, akatia sahihi. Miaka kumi na minane. Alichukua koti lake na birika la chai alilokuwa akiweka kwenye kabati, akatoka kwa mlango mdogo.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha taa. Nilimwona akitoka. Nikafunga ile taa, nikashuka, nikabadilisha nyingine.

Mashine ilikaa siku kumi ikitengenezwa roli na kinga. Wakamtia mwendeshaji mpya, kijana wa watu, Mkristo, aliyeshiba ugali na maharagwe kila mchana. Siku ya tatu nilikuwa nimesimama naye nikimwomba kiberiti. Alikuwa na mikono yote miwili mfukoni anakitafuta. Naiona hata leo, mikono yote miwili mfukoni. Mota ikanguruma.

Nilipiga swichi mwenyewe. Kisha nikaweka kiganja juu ya mota nikakiondoa haraka, ilikuwa inachoma. Hapo ndipo akili ilipofunguka kidogo. Nikamwambia nyapara kwamba kesho nataka mashine saa nane mchana, ikiwa moto, akikataa nitapeleka mambo kwa meneja. Siku iliyofuata nikaunganisha mita kwenye nyaya za jicho. Sindano ilisimama mahali pake, inatetemeka kidogo, vizuri. Nikangoja. Ilipokaribia saa nane na nusu sindano ikaanguka mpaka sifuri, na papo hapo mota ikapandisha. Nikazima. Jicho lilikuwa limekufa kwa muda, na paneli, kwa kuwa haisikii tena habari, ilidhani mota imesimama, ikaisukumia umeme wote. Kumbe wazimu wote ni huo tu.

Nikavunja lakiri, nikafungua kikopo. Ndani kulikuwa na duara la kioo, jembamba, lenye mistari myembamba pembeni ambayo macho yako yanapata taabu kuiona. Taa ndogo upande huu, kifaa cha kupokea mwanga upande ule, katikati mistari inapita na kuhesabiwa. Kile kioo kilikuwa na ufa kutoka katikati mpaka ukingoni. Mota ikiwa baridi, ufa ulijifunga na kila kitu kikaenda sawa. Ikipata moto, ufa ukafunguka na kioo kikateleza.

Meneja alileta kitabu cha mashine ili tuagize jicho jingine. Nilifungua ukurasa wa kufunga puli nikiwa natafuta namba ya kipuri, wala sikuwa na shaka yoyote. Palikuwa na mchoro wa nyundo inayopiga mtaimbo wa mota, na juu ya ile nyundo alama kubwa ya kukatazwa, na mshale mrefu kutoka kwenye nyundo mpaka kwenye kile kikopo cha nyuma. Hata asiyejua kusoma angeelewa. Puli lilitakiwa kupashwa moto na kuvutwa kwa skrubu. Kishindo cha mbele kinasafiri ndani ya chuma mpaka kwenye kioo cha nyuma. Mapigo yangu matatu.

Watu hudhani mtu akijua jambo kama hilo anadondoka au anapiga kelele. Nilirudisha kitabu. Ilikuwa saa ya chai, nikanywa chai, nikala mandazi mawili. Meneja aliniuliza jicho limeharibiwa na nini. Nikamwambia ni vumbi na joto. Akaandika. Jioni nilimuuliza nyapara, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama mzee ataitwa tena. Akaniambia mzee alitia sahihi mwenyewe kwamba alilala, na wewe fundi yakuhusu nini. Nikasema hayanihusu. Hivyo tu. Kama ningesema siku hiyo, ningepata barua yangu ya pili, labda ya tatu, na mke wangu alikuwa mjamzito. Lakini nisijitetee. Sikusema siku hiyo kwa kuogopa. Siku zilizofuata sikuogopa tena, sikuhisi chochote, na bado sikusema. Hilo ndilo sijalielewa mpaka leo.

Nikabadilisha njia ya kwenda kazini. Majengo nikawa sipiti, hata mke wangu akinituma Gikomba nilizunguka. Nikapandishwa cheo, nikawa mkuu wa mafundi. Watoto wakaja wawili. Ile miaka sita naikumbuka kama mtu anavyokumbuka filamu aliyoitazama akiwa na homa.

Halafu stovu yetu ikaharibika, ile ya pampu ya mafuta ya taa. Mke wangu, ambaye sikuwahi kumwambia lolote, aliipeleka kwa fundi anayesifiwa na mtaa mzima, na Jumamosi akanituma nikaichukue. Akanieleza njia. Ni Majengo, akasema, mlango wa kijani, mzee mmoja anatengenezea nje, na mke wake amekaa kando yake kutwa kama askari. Nikamuuliza huyo mzee anaitwaje, akasema watu humwita mzee wa stovu tu. Ningeweza kutafuta kisingizio. Nilikuwa hodari wa visingizio. Ila sikufikiria kwamba ni yeye, na kama nilifikiria, nilikataa kujisikiliza.

Alikuwa yeye. Kofia safi, miguu imekunjwa juu ya gunia, stovu saba zimepangwa mbele yake. Ilikuwa yapata saa tisa. Alinitambua kabla sijafika. Aliinuka, akafuta mikono, akanishika yote miwili, akaniuliza nimeamkaje, mke wangu je, watoto je, kana kwamba tulikutana relini jana. Kisha akauliza jambo moja, na niliona alikuwa amekaa nalo muda mrefu: yule mama wa kufagia, bega lake lilipona? Nikasema lilipona, na hadi leo anafagia. Akashukuru Mungu.

Mke wake alikuwa ameketi kwenye kigoda hatua moja tu kutoka kwake. Hakuwa akishona, hakuwa akichambua mchele. Alikuwa amekaa tu, anamtazama mumewe. Mzee aliona ninavyoangalia, akacheka kidogo.

Akasema huyu ndiye nyapara wangu sasa. Akanieleza bila haya, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa sukari. Baada ya kiwanda aliomba kazi ya ulinzi, wakataka barua kutoka alikotoka, na barua ilisema alilala. Nani atampa kazi mlinzi wa namba hiyo? Akaenda hospitali, daktari hakuona kitu. Akajifunza stovu. Lakini stovu ni moto na mafuta ya taa, na yeye ni mtu anayelala macho wazi bila kujua, alisema, hasa alasiri. Kwa hiyo kila siku baada ya adhuhuri mkewe huacha kazi zake, anakuja kumkalia asije akaunguza nyumba ya watu. Wajukuu anawapenda, lakini wakiletwa mchana hawapakati. Asubuhi tu. Mchana hajiamini.

Alisema haya yote akipiga pampu ya stovu yangu, ameshaiwasha, kunionyesha kwamba haivuji tena.

Sijui kilichotokea ndani yangu. Sikukata shauri. Mdomo ulifunguka, na nikasema yote pale pale nikiwa nimesimama: beringi, puli, ubao wa mvule, nyundo, kioo chenye ufa, joto, blanketi nzito, kijana aliyekuwa na mikono mfukoni. Nilieleza kama ninavyowaeleza mafundi wapya, hatua kwa hatua, kwa sababu sikujua namna nyingine. Nilimaliza kwa kusema fomu zote mbili niliandika bila kufungua jicho. Niliona aibu. Baada ya miaka sita, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichohisi, na kilikuwa kikali kuliko nilivyofikiri.

Mzee aliacha kupampu.

"Basi sikulala," alisema.

"Hukulala, mzee."

Alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya leso. Alipoondoa ile leso hakunisemesha mimi, alisema na mumewe, kwa upole.

"Miaka sita nimekukalia hapa, baba watoto. Hujasinzia hata siku moja. Nilikwambia. Ukasema ni kwa sababu nipo."

Mzee alimwomba aingie ndani akapumzike. Mkewe akachukua kigoda chake akaingia, polepole, akigeuka kutuangalia. Stovu ilikuwa bado inawaka kati yetu. Mzee akaifunga, akangoja ipoe, akaizungushia gazeti na kamba. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alipomaliza kufunga lile fundo aliinua macho.

"Ulijua lini, fundi?"

Nikamwambia wiki mbili tu baada ya yeye kutoka.

Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikienda bila sauti, mkono mmoja ukaisha akaongeza kidole cha mkono wa pili. "Ramadhani sita," alisema. "Ramadhani sita nimejiogopa."

Alinisukumia stovu mikononi.

"Nenda sasa," akaniambia, kwa adabu ile ile aliyonisalimia nayo. "Nenda kabla sijajua la kukwambia."

Nikaichukua stovu, nikaenda.